Babu Plau na Ardhi Aliyoichosha Mwenyewe

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na nyinyi mliosimama kule nje kwa sababu viti vimeisha, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya babu yetu, na kabla sijaanza naomba kitu kimoja, mkimuona mtu wa familia hii anatabasamu leo msimshangae, wala msiende kumsema huko mbele, uchungu tunao, tena mwingi, ila tumepumua, na kwa nini tumepumua mtaelewa wenyewe nikifika mwisho, kwa hiyo nivumilieni.

Marehemu alizaliwa siku ya Ijumaa tarehe 11 Februari 1949, kwenye nyumba ya mabati nambari kumi na saba katika kambi ya wafanyakazi wa shamba kubwa, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano, baba yake alikuwa mlinzi wa ghala la mbegu na mama yake alikuwa anafulia nguo mafundi wa karakana, na inasemekana kitu cha kwanza alichozoea masikioni kabla hata ya sauti ya mama yake ni mngurumo wa trekta, maana ukuta wa chumba walicholala ulikuwa umeegemeana na ukuta wa karakana, na trekta zikiwashwa asubuhi vikombe vilikuwa vinacheza mezani.

Alianza shule ya msingi mwezi wa Januari 1957 na akamaliza mwaka 1963, masomo hayakuwa mabaya ila hayakuwa ya kujisifia, isipokuwa jambo moja ambalo hata mwalimu wake mkuu alilisema, kwamba mtoto huyu anapiga mstari ulionyooka bila rula, akawa ndiye anayeitwa kupiga mistari ubaoni kila mwalimu akitaka kuchora jedwali, na alipokosa nafasi ya kuendelea na shule hakulia, alitoka getini akaenda moja kwa moja karakana kuomba kazi, wakamwambia bado mdogo, akarudi kila mwaka, mpaka tarehe 2 Mei 1966 walipochoka kumuona wakamwajiri kuosha matrekta.

Leseni ya trekta aliipata tarehe 19 Agosti 1970, na hapo ndipo maisha yake yalipoanza kweli kweli, kwa sababu msimamizi wa mashamba alimkabidhi trekta kubwa lenye plau ya diski tatu, akamwonyesha mkono wa kushushia plau, ambao una matundu matano ya kuchomeka pini, akamwambia, "Kijana, pini yako inakaa tundu la tatu, ukiigusa nakufukuza," na Babu akaiacha pini tundu la tatu, si mwaka ule tu, aliiacha huko miaka thelathini na nane, na hilo tundu la tatu mlishike, maana ndilo lililoleta kila kitu.

Watu wakaanza kumwita Plau, jina likamganda hadi leo, wengine hapa nina uhakika hamjui kama alikuwa na jina lingine, na ukweli usemwe, alikuwa hatari, akilima shamba unaweza kusimama kichwani mwa mstari ukaona mtu aliyesimama mwisho wake, hakuna kona, hakuna mkunjo, na mwenyewe alikuwa anashuka kwenye trekta, anakunja mikono, anaangalia kazi yake kama mtu anayeangalia picha ya harusi yake.

Na kuhusu harusi, marehemu alifunga ndoa na bibi yetu, fundi cherehani, siku ya Jumamosi tarehe 8 Desemba 1973, na walivyokutana ni kwamba Babu alipeleka ovaroli ishonwe goti, Bibi akamuuliza, "Wewe ndiye unayelima kule mlimani mistari inayoteremka?" Babu akajibu kwa maringo kwamba ndiye, akisubiri sifa, Bibi akakata uzi kwa meno akasema, "Mbona umeyatengenezea maji barabara?" Babu alicheka, akafikiri ni utani wa msichana anayetaka kuongea naye, akarudi kesho yake na ovaroli nyingine isiyo na tundu hata moja, na miezi saba baadaye wakaoana, lakini lile swali hakulijibu, ilimchukua miaka thelathini na mitano kulijibu.

Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza ni shangazi yetu mkubwa aliyezaliwa tarehe 30 Machi 1975, ambaye ni muuguzi, wa pili ni baba yangu mimi, aliyezaliwa tarehe 6 Oktoba 1978, fundi wa kuchomelea vyuma, na wa tatu ni shangazi mdogo, aliyezaliwa tarehe 22 Januari 1984, mwenye duka la vifaa vya shule, na marehemu ameacha wajukuu tisa na vitukuu wawili, mmoja wao ndiye huyo mnayemsikia analia huko nyuma, naomba mumvumilie naye.

Mwaka 1983 shamba kubwa lilifungwa, kila mtu akagawiwa kipande mlimani, na Babu badala ya kiinua mgongo akaomba trekta na plau yake, akapewa, basi akawa ndiye dereva pekee wa kaya sitini na mbili za mlima mzima, na kipande chake yeye kilikuwa juu, na kipande kilichofuata chini yake kabisa kilikuwa cha shemeji yake, mdogo wake Bibi, fundi baiskeli, ambaye wote mnamwita Spoki, na ndiye yule aliyekaa mstari wa mbele mwenye koti la kahawia, naye asubuhi hii ameniambia nisipunguze neno hata moja, kwa hiyo sipunguzi.

Hawa wawili walikuwa chanda na pete, Babu akilima Spoki anakaa juu ya chuma kinachokinga matope ya tairi la nyuma anamchekesha, wakimaliza wanaenda kibandani kwa Spoki, mmoja anaziba pancha na mwingine anashika pampu, wanabishana kuhusu mpira mpaka Bibi anatuma mtoto aseme chakula kimepoa, na haikuwahi kupita siku hawajaonana.

Sasa utaratibu wa Babu wa kulima wazee wote mnaukumbuka, alikuwa na masharti matatu na hakuwa na msamaha, la kwanza, mabua yote yachomwe kabla hajafika, kwa sababu mabua yanaziba diski, "Mabua yakinikuta shambani sishuki kwenye trekta, mtalimia vijiko," hivyo kila mwaka mwezi wa tisa mlima mzima ulikuwa unafuka moshi, la pili, foleni ni foleni, zamu yako ikifika shamba likiwa limelowa chapachapa linalimwa hivyo hivyo likiwa limelowa, na la tatu, mistari inatoka juu kwenda chini, kwa sababu trekta likikatiza mlima linalala ubavu, na mstari wa juu kwenda chini ndio unanyooka, na kila mtu alikubali, maana nani angemfundisha Plau kulima?

Miaka ya kwanza mavuno yalikuwa ya kutosha, jivu lile lilikuwa linaipa mimea nguvu ya haraka, mahindi yanatoka meusi kwa kijani, watu wanasifu moto, lakini kufika miaka ya tisini mambo yakaanza kupinda, mahindi yanakwama kiunoni, jua la wiki moja tu yananyauka, mvua ikinyesha maji yanasimama juu kama kwenye sinia halafu yanakimbia, na watu walipomfuata marehemu alikuwa na jibu moja, "Haijalimwa vya kutosha, nitapita mara mbili," akapita mara mbili, mwaka uliofuata hali ikawa mbaya zaidi, akawaambia wachome vizuri zaidi, na mimi sisemi hivi kumdhalilisha marehemu, mwenyewe aliagiza niseme, alisema, "Ukisoma kwamba nilikuwa mtu mwema tu, nitatoka humo ndani nije nisome mwenyewe."

Tarehe 17 Aprili 2004, siku ya Jumamosi, kuanzia saa nane mchana ilinyesha mvua ya masaa matatu, na maji yale hayakuzama ardhini hata kidogo, yalishika mistari ya Babu, ile iliyonyooka kama rula, yakashuka nayo yakiongeza mbio, yakakutana juu ya shamba la Spoki, yakalipasua katikati, yakachimba korongo ambalo mtu mzima akisimama ndani unaona kofia tu, udongo wote wa juu ukaenda mtoni, na kibanda cha baiskeli kikabaki ukuta mmoja, tunashukuru hakufa mtu, na maji yalipokatika Spoki alisimama ukingoni na pampu mkononi, ndicho kitu pekee alichookoa, Babu akafika anakimbia, akasema, "Pole shemeji, hii mvua haijapata kutokea," Spoki akamwangalia, akaangalia mistari, akasema, "Mvua? Hili korongo umelima wewe, shemeji," na hilo ndilo neno la mwisho alilomwambia kwa miaka ishirini, mwezi mmoja na siku nne.

Babu naye alikasirika, tusifiche, alizunguka akisema shemeji ni mtu wa lawama, kwamba mtu yule angemlaumu hata Mungu, na nyumbani ikawa kichekesho kibaya, maana Spoki hakuacha kuja kula kwa dada yake Jumapili, wanakaa meza moja, mmoja anasema, "Dada, mwambie mumeo chumvi iko upande wake," na mwingine anasema, "Mke wangu, mwambie ndugu yako mikono anayo," Bibi katikati anageuza shingo huku na huku, mpaka siku moja akachukua kile kichupa cha chumvi akakiweka kabatini akafunga na ufunguo, wakala bila chumvi mwezi mzima na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Ndugu zangu, mwaka 2008, tarehe 14 Julai, alikuja bibi shamba mpya, yule ambaye yupo hapa leo, wakati ule alikuwa binti mwembamba mwenye buti kubwa kuliko yeye, ana sepetu na nondo moja nyembamba yenye alama ya rangi nyekundu usawa wa kiwiko, akaomba kuchimba shimo kwenye shamba la Babu, Babu akamwambia kwa kejeli, "Chimba binti, ukikuta mafuta uniite," akaendelea kufunga nati zake, baada ya kama nusu saa akaitwa, akaenda akijua anaenda kucheka.

Bibi shamba alikuwa amechimba hadi usawa wa goti na amekwangua ukuta wa shimo vizuri, akamwonyesha, juu udongo ni vumbi jepesi la rangi ya majivu, chini yake kuna tabaka gumu lililolala kama sakafu ya nyumba, na mizizi ya mahindi ya msimu uliopita imeshuka vizuri, imefika pale kwenye sakafu, imepinda yote kwenda pembeni kama viwiko, haikupita hata mmoja, akachukua ile nondo akaiegemea kwa uzito wake wote, ikagonga ikakataa, akamwambia, "Babu, maji na mizizi vinaishia hapa, chini ya hapa kuna unyevu lakini mimea haiupati," Babu akauliza hiyo sakafu imetoka wapi, yule binti akamwambia apime kutoka juu imeanzia wapi, Babu akashuka shimoni, akaweka kiganja, akaongeza vidole vinne, akapima tena, akapima upande wa pili, akakaa chini humo humo shimoni, kwa sababu kiganja na vidole vinne ni kina cha tundu la tatu, diski zake zilikuwa zimepita palepale miaka yote, kina kilekile, udongo ukiwa umelowa, zikiukandamiza na kuusugua mpaka ukawa saruji, na alikuwa ameifanya kazi hiyo kwenye mashamba sitini na mbili.

Jioni ile ile aliingia ndani akachukua glasi za wageni za Bibi, zile za maua, akazijaza maji, akaweka kwenye glasi moja bonge la udongo kutoka shambani kwake, na kwenye nyingine bonge alilolitoa chini ya uzio wa shule, mahali ambapo plau haijawahi kugusa wala moto haujawahi kupita, bonge la shambani likayeyuka likawa uji kabla hajavuta kiti, la chini ya uzio likakaa zima hadi asubuhi na maji yake masafi, Bibi alipoamka akakuta glasi zake zina tope, akafungua mdomo amfokee, akamuona mumewe bado amekaa pale pale, akavuta kiti akakaa naye, na Babu akamwambia, "Ulisema nimeyatengenezea maji barabara, kumbe nilikuwa nimeiwekea na lami."

Kuanzia mwezi wa Agosti 2008 marehemu alifanya kitu ambacho mimi sijaona mwanaume mwingine anafanya, alipita kaya zote sitini na mbili kwa mguu, mlango kwa mlango, anavua kofia, anasema, "Nimewaharibia shamba, nimekuja kuwaambia," na msidhani walimpokea kwa machozi, mmoja alimwambia, "Mzee nenda ukapime homa," mwingine aliuliza, "Sasa wewe ukiacha kulima sisi tutakula hotuba?" na alipoanza kuwaomba wasichome mabua, wayaache yalale juu ya udongo yaufunike, wakamtungia jina jipya, Mzee Takataka, wapo waliompelekea hadi mifuko ya plastiki na makopo mlangoni wakisema wamemchangia, naye alichambua, mabua akapeleka shambani na makopo akarudisha kwa wenyewe, tena yakiwa yameoshwa.

Plau ile aliifungua, na baba yangu akamchomelea jino moja refu la chuma la kupasua ile sakafu bila kupindua udongo, linapita wakati wa kiangazi udongo ukiwa mkavu, na pini ikatoka tundu la tatu kwa mara ya kwanza ikaenda la tano, baada ya hapo Babu akapanda mbaazi katikati ya mahindi kwa sababu mizizi yake ni migumu inapenya pale sakafu ilipopasuliwa, akaweka samadi, akajenga makinga maji kukatiza mlima, ili tone la mvua linaloanguka kwake libaki kwake, na akaacha kipande kimoja cha hatua ishirini akakilima na kukichoma kwa mtindo wa zamani kila mwaka, akakiita Shahidi, mtu akija kubishana anampeleka hapo na sepetu, mwaka 2013 walihesabu nyungunyungu kwenye sepetu moja moja, kwa Shahidi walipata mmoja, tena amekonda, na hatua kumi pembeni wakapata kumi na wanane.

Watu wakaanza kubadilika pole pole, wengine wakaiga, wengine wakaiga wakakata tamaa wakarudi kwenye kiberiti, lakini Spoki hapana, siku ile ya mlango kwa mlango wake hakuufungua, Babu alisimamisha maji yote yasishuke kwake, Spoki akaona akapita zake, Babu alimtuma baba na jino la kupasulia, Spoki akasema, "Mwambie aliyekutuma trekta lake lisikanyage kwangu," na Bibi aliugua akafariki tarehe 3 Septemba 2015 bila kuwaona wakiongea, na kwenye mazishi yake walisimama bega kwa bega, mmoja akamshika mwenzake mkono asianguke, na bado hawakusemezana.

Februari 2016 ndipo Spoki alipolegea, mahindi yake yalikuwa yamegoma kufika hata goti, akamwita bibi shamba, na huku Babu amesimama hatua tatu kutoka hapo, Spoki akamwambia bibi shamba, "Mwambie huyo bwana aje alete hilo jino lake, lakini asidhani tumepatana, siku nondo yako hii itakapoingia kwenye shamba langu mpaka kwenye alama, kwa mkono wangu mmoja, ndiyo nitamwita shemeji," Babu akamwambia bibi shamba, "Mwambie nimesikia," na bibi shamba akasema, "Nyinyi wazee mnanilipa mshahara wa mkalimani?"

Basi ikawa hivyo, Babu akafanya kazi kwenye shamba la Spoki kuliko kwake, na kila mwaka mwezi wa tano, mvua ikiwa imelainisha ardhi ili kusiwe na kisingizio, wanakwenda kupima, mwaka 2017 nondo iligonga palepale kwenye kiganja na vidole vinne, mwaka 2019 ikapita kidogo ikakwama, 2021 ikafika nusu, ikawa udongo unapona taratibu na Babu anachoka haraka, maana mwezi Novemba mwaka huo huo ndipo ilipogundulika kwamba kifua chake kimeharibika, daktari alisema ni vumbi na moshi wa miaka mingi, akaanza kutembea na mtungi wa hewa, na hapo familia nzima tukaingia hofu ambayo hatukuwa tunaitaja, kila mtu alikuwa anaangalia kifua cha Babu na shamba la Spoki na kujiuliza kipi kitatangulia.

Mwaka 2022 bado, mwaka 2023 ilikosa urefu wa kidole kimoja tu, Babu akarudi nyumbani akageukia ukutani siku mbili, shangazi mkubwa akamfuata Spoki kwenye kibanda alichokijenga upya akamwomba kwa machozi, "Mjomba, si uongope tu? Mwite tu," Spoki akaendelea kukaza tairi, akamjibu, "Nikimdanganya atajua, yule ndiye anayejua udongo kuliko sisi wote, unataka afe akijua nimemuonea huruma?" Shangazi akaondoka amekasirika, lakini alipotuhadithia Babu akasikia kupitia mlango, akageuka kutoka ukutani akaomba chai, akasema, "Yuko sawa huyo mjinga."

Siku ya Jumanne tarehe 21 Mei 2024, saa nne asubuhi, tulimbeba marehemu kwenye kiti cha plastiki na mtungi wake hadi shambani kwa Spoki, bibi shamba akatoa nondo, Spoki ambaye naye nyonga ilishamgomea akashika kiuno kwa mkono wa kushoto, akaisimamisha nondo kwa mkono wa kulia, akasukuma, ikaingia, haikugonga popote, ikazama hadi alama nyekundu ikaguswa na majani, tukaanza kupiga kelele, Spoki akainua mkono, akasema, "Nyamazeni, hapa labda ni shimo la panya," akaichomoa akaenda hatua kumi, ikazama, akasema hapo palikuwa na kisiki, akaenda pengine, ikazama, na Babu kwenye kiti akawa anacheka na kukohoa, anasema, "Mwacheni, mwacheni apime, ni haki yake," alipima sehemu tisa, tumehesabu, ya tisa aliiacha nondo imesimama hapo hapo, akaja akichechemea mpaka kwenye kiti, akainama, akasema, "Shemeji, jua linakuunguza, nikusogeze kivulini?"

Babu akamjibu, "Nisogeze, shemeji."

Mtanisamehe, machozi yamenishinda. Niendelee.

Wiki saba zilizofuata, kuanzia tarehe ile mpaka tarehe 9 Julai, hao wawili waliongea mpaka tukawachoka, ilikuwa ni miaka ishirini ya maneno yaliyokuwa yamezuiliwa, Spoki anafika saa mbili asubuhi na anaondoka giza likiingia, wanabishana kuhusu mechi ya mwaka 1979 ambayo hakuna mtu mwingine aliye hai anayeikumbuka, wanamsema kila jirani mmoja mmoja, na marehemu alipolazwa hospitali kuanzia tarehe 12 hadi 20 Juni muuguzi wa zamu alimtoa Spoki wodini mara tatu, mara ya tatu akamwambia, "Mzee, mgonjwa anatakiwa apumzike," Babu akanyanyua barakoa ya hewa akamwambia muuguzi, "Binti yangu, nimepumzika miaka ishirini."

Marehemu alifariki nyumbani kwake siku ya Jumanne tarehe 9 Julai 2024, saa kumi jioni, kwenye kitanda kilichowekwa sebuleni chini ya dirisha, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano, miezi minne na siku ishirini na nane, na aliyekuwa naye ni Spoki, alikuwa anamhadithia juu ya mteja aliyeleta baiskeli isiyo na mnyororo akalalamika haina mwendo, akaona Babu ametulia, akadhani amelala, na kwa heshima ya hadithi akaendelea mpaka ikaisha, ndipo akamgusa, kisha akatuita, shangazi mdogo akamuuliza kama amesikitika kuwa alikuwa anaongea na mtu aliyekwisha ondoka, akasema, "Hapana mwanangu, alicheka kwenye ile sehemu ya kuchekesha, mwisho wake ulikuwa wa kawaida tu."

Ndiyo maana nikasema tumepumua, kwa sababu tuliogopa kwa zaidi ya miaka miwili kwamba leo tungekuwa tunasoma historia nyingine, ya mtu aliyeondoka na fundo kifuani, na haikuwa hivyo, kazi haijaisha, lile korongo bado liko, limeota majani lakini kovu lake linaonekana ukisimama barabarani, na kati ya kaya sitini na mbili ni arobaini na moja tu zilizoacha moto, mwezi wa tisa bado moshi tunauona, lakini yeye sehemu yake aliifanya.

Familia inamshukuru daktari wa kifua na wauguzi wote wa wodi ya wanaume, hasa yule aliyechoka na Spoki na bado akamruhusu arudi, tunawashukuru majirani mliochukua zamu ya kubeba mitungi ya hewa kupandisha mlima, madereva wenzake wa shamba kubwa mliobaki wanne na mmekuja wote wanne, bibi shamba aliyechimba lile shimo bila kumkosea heshima mwenye shamba, waliomwita Mzee Takataka na leo wameleta mabua ya kutandika njia ya kaburini ili watu wasiteleze, na tunakushukuru wewe Babu Spoki, kwa kutomdanganya.

Babu, umeondoka ukiwa umeongea na kila mtu uliyetaka kuongea naye. Pumzika kwa amani.